Kigae cha Tatu

Les Aulnets, tarehe 11 Juni, 1864

Kaka yangu mpenzi Anthelme,

Nakuamkia kwa heshima na kwa mikono yote miwili. Hujambo huko Lyon? Mgongo je, na vile vidole ulivyoniandikia Mwaka Mpya kwamba vimepasuka kwa chokaa? Unapata uji wa mahindi asubuhi, au bado wanakulisha ule mkate mweupe usiokaa tumboni? Sisi huku tu wazima. Baba ana nguvu zake isipokuwa goti, na hilo goti siku hizi ni kama mtu wa tatu humu ndani, kila asubuhi tunaliuliza kama kutanyesha. Fleurette bado yu hai, na pembe yake moja vile vile, na mwezi wa tatu alizaa ndama jike. Na mimi ni mzima kuliko nilivyopata kuwa kwa miaka mitano. Sababu yake ndiyo barua hii. Nakuomba ukae kitako uisome polepole mpaka mwisho. Usiruke. Nakujua wewe, unasoma barua kama unavyokunywa supu, unaanza kuchimba chini kutafuta nyama.

Lakini nyama nyingine nakupa sasa hivi, maana najua roho yako iko juu. Umesafishwa, kaka. Kijiji kizima kinajua kwamba si wewe uliyehamisha jiwe la mpaka kwenye konde la chini. Mzee Vuillemin mwenyewe amesema kwa mdomo wake, mbele ya watu, tena bila kuulizwa. Na Baba anajua. Mungu ni mkubwa, Anthelme! Niwie radhi kwa hilo doa la wino.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Mwaka ule wa balaa, mwezi wa Septemba, ulipokuwa Arbois kuvuna zabibu, alikuja hapa mchoraji mmoja kutoka Paris, Bwana Aubertin. Alipanga kwa mjane Pernet, majuma mawili. Kila siku alishuka kondeni na mwavuli wa kijivu na turubai lake, akakaa pale akichora nyasi, mto na vilima, watu wakamcheka eti anasubiri nini, ng'ombe wanasubiri kukamuliwa, yeye anasubiri wingu. Alikuwa na kiapo chake. Alisema wachoraji wengi ni waongo, wanachora mashetani ya kike yakioga mitoni ambayo hawajawahi kuyaona, lakini yeye, kitu kisichokuwepo mbele ya macho yake hakiingii kwenye turubai hata umlipe. Kiweke akilini kiapo hicho.

Picha ile imepata nishani huko Paris. Majira haya ya kuchipua Bwana Aubertin akaipeleka zawadi kwa meya wa mjini kwetu, ikatundikwa kwenye ukumbi wake, na meya akatuma neno kwamba watu wa Les Aulnets waje wajione. Jumapili baada ya misa tukapanda mikokoteni miwili tukaenda, tumevaa kama tunakwenda harusini.

Ungekuwepo ungevunjika mbavu. Ni picha kubwa, pana kama mlango wa zizi, na ni kwetu kabisa: mto, konde, msonobari mkubwa wa Vuillemin, mnara wa kanisa nyuma. Watu badala ya kuisifu wakaanza kuikagua. Mjane Pernet alilalamika kwamba paa lake halitoi moshi, kwani yeye ni mtu wa kulaza moto saa nne asubuhi? Mtengeneza jibini akauliza nani aliyefyeka nyasi za kilima kwa mtindo ule wa kunyoa mwenye upele, na mhusika, usiulize jina, akajibanza nyuma ya mkewe. Fleurette yumo, mbele kabisa, pembe yake moja imechorwa vizuri hata ukitaka unaweza kumkamua. Baba alisimama kofia mkononi kama yuko kanisani. Na mzee Vuillemin alisimama upande wa pili wa ukumbi, maana unakumbuka, tangu uondoke hao wawili hawajasemezana. Miaka mitano wamekutana asubuhi na jioni kwenye nyumba ya jibini, kila mmoja na ndoo yake ya maziwa, wanatazamana buti.

Basi Vuillemin akanyoosha kidole. Akasema, kwa sauti ndogo, "Jiwe hilo hapo." Na kweli, jiwe letu la mpaka lilikuwa pale kwenye picha, mahali pale pale pabaya lilipokutwa mwezi wa Novemba, hatua kumi na mbili ndani ya konde lake. Mwalimu Robardet akavaa miwani, akainama kwenye kona ya picha, akasoma jina la Bwana Aubertin, na chini yake tarehe: 20 Septemba 1859. Akaisoma tena. Nilimwona Baba akihesabu kwa vidole. Wewe uliondoka tarehe nane, jiwe likiwa bado mahali pake, ukarudi Oktoba baada ya sikukuu ya Mtakatifu Denis. Mjane Pernet, ambaye hesabu yake huwa ya haraka kuliko ya mwalimu, akapaza sauti, "Jamani, kijana wa watu hakuwepo!"

Baba akavaa kofia yake humo humo ndani, mbele ya meya, akatoka nje bila kuaga. Tulimkuta amekaa kwenye mkokoteni, macho kwenye matako ya farasi. Vuillemin akamfuata. Nilidhani watashikana mashati. Vuillemin akavua kofia, akamwambia, "Claude, nilimkosea mwanao. Nilimtaja mimi wa kwanza." Baba akamjibu kwamba yeye Vuillemin alikosea kama jirani, na jirani anaruhusiwa kukosea, "lakini mimi ni baba yake, na mimi ndiye niliyemwonyesha mlango." Kisha akalia, Anthelme. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika Mama.

Kilichofuata alikianzisha Mariette, binti wa Vuillemin, ambaye hajaolewa bado, sisemi kitu. Yeye alibaki ukumbini akiitazama picha, akaona nyuma ya jiwe, mbali kidogo, doa jeusi kwenye nyasi na udongo mbichi kando yake. Bwana Aubertin alikuwa amechora hata shimo! Shimo ambalo jiwe lilitoka! Unajua jinsi walivyolitafuta shimo hilo Novemba ile, mafuriko yamekwisha kulijaza tope, wakachimba huku na huku kama fuko wasipate vigae mashahidi, vile vinavyozikwa chini ya kila jiwe la mpaka. Na hakimu alisema bila vigae hakuna mpaka, na kipande kile kisifyekwe na yeyote. Tangu hapo kimeota mibaruti ya kufika kifuani, na ng'ombe wa pande zote mbili wanakitazama kwa uchu.

Mwalimu akanakili kwenye karatasi mistari ya picha: mnara wa kanisa unagusa msonobari upande wa kushoto, na shimo liko chini ya shina la msonobari, sawa sawa. Jumatatu tukashuka kondeni watu kama ishirini, na majembe. Ikaonekana kazi bado. Kila mtu aliposimama, mnara uliruka. Ukisimama hapa mnara uko kushoto kwa msonobari, hatua tatu mbele umejificha, hatua tano umetokea kulia. Kila mmoja akawa anajua alipokuwa amekaa mchoraji. Mtengeneza jibini akamwambia Vuillemin kwamba hata mnara wa kanisa unamkwepa, Vuillemin akamwambia achunge mdomo wake na jibini lake lenye matundu ya panya. Mwalimu alikuwa anakimbia na karatasi yake, jasho linamtoka, akisema bila kujua kiti cha mchoraji kilikuwa wapi tunapoteza bure asubuhi yetu.

Ndipo mtu mmoja akatoka kwenye kundi, akashuka mpaka karibu na mto, akasimama kwenye mwinuko mdogo wenye majani ya mnanaa, akasema, "Alikaa hapa." Mwalimu akaenda akasimama pale. Mnara ukagusa msonobari. Akaelekeza mkono, watu wakachimba, na kiasi cha urefu wa mkono chini ya tope jembe likalia. Vigae viwili, Anthelme, vilivyovunjwa kutoka kigae kimoja na babu yetu na babu yao Vuillemin. Baba akavipangusa kwa shati, akaviunganisha kiganjani, vikashikana bila hata nafasi ya unywele. Watu wakavua kofia.

Lakini Baba hakuwa anatazama vigae. Alikuwa anamtazama yule mtu aliyesimama kwenye mnanaa. Akauliza, "Umejuaje?"

Kaka, mtu huyo alikuwa mimi.

Nimeiweka kalamu chini nikaenda kumpa ndama maji, nimerudi. Sasa niandike yote, maana nikisita sitaandika.

Jiwe nililihamisha mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimpelekea Bwana Aubertin jibini na mvinyo kila adhuhuri kwa niaba ya mjane Pernet. Kutoka alipokaa, jiwe lilipotea kwenye kivuli cha msonobari, na yeye alilitamani, alisema lile jiwe la kijivu lingesimama vizuri sana pale mbele ambapo nyasi ni tupu. Nikamwambia si ulichore tu hapo, nani atajua? Alikasirika mno! Alisema nimemtukana. Basi mimi, si yeye, mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema kama jiwe haliwezi kuonekana huko liliko, tulilete. Nikamfunga Fleurette mnyororo, tukatanguliza magogo, likateremka kirahisi kama linapenda. Unauliza kwa nini? Kwa sababu aliniita binti mheshimiwa. Kwa sababu aliniambia nami nitakuwemo, nimesimama karibu na mto na shali yangu ya buluu. Ndiyo hivyo tu. Nilitaka kuonekana Paris.

Tulipatana kulirudisha akimaliza. Alimaliza tarehe ishirini, na tarehe ishirini na moja mvua ikaanza, na ishirini na mbili akapanda gari la barua akanipungia kofia. Nilijaribu peke yangu na Fleurette. Kushuka ni kushuka, kupanda ni kupanda. Jiwe lilizama, mnyororo ukakatika pete, nikaufunga kwa waya, ukakatika tena. Kisha mto ukafurika. Nikajiambia nitakungoja wewe urudi, utanisaidia na utanicheka. Ukarudi, nikaona aibu siku ya kwanza, nikaona aibu siku ya pili, na kabla aibu haijaisha Vuillemin alikuwa mlangoni anapiga kelele.

Sasa hapa ndipo penyewe. Siku ile Baba alipokuambia utoe kofia yako msumarini uende, mimi nilikuwa mekoni nakoroga uji. Ulinitazama mara moja. Wewe hukujua kitu, ulinitazama tu kama mtu anavyomtazama dada yake. Neno lilikuwa hapa kooni. Nikatazama sufuria. Nikaendelea kukoroga. Ulitoka, mlango ukafungwa, nami bado nakoroga, uji umekwisha kuungua. Niliogopa hakimu, niliogopa Baba, niliogopa kuitwa mwizi wa ardhi. Nikakuachia wewe uitwe. Nisamehe ukiweza. Sikuombi uharakishe.

Unajua wazee wanavyosimulia hapa, kwamba mwenye kuhamisha jiwe la mpaka akifa hazikiki akatulia, anatembea makondeni amelibeba begani, anauliza kila anayepita, "Nilitue wapi? Nilitue wapi?" Nakuambia wamekosea jambo moja, si lazima ufe. Nimelibeba miaka mitano, kanisani, kwenye nyumba ya jibini, kila ilipofika barua yako ya Mwaka Mpya usiyotaja hata kidogo habari ya jiwe. Kule ukumbini, wengine walipokuwa wanaona paa na nyasi, mimi niliona mnyororo wetu umelala kwenye majani, na pete yake, nikajua nimepatikana. Na unajua nilihisi nini? Nafuu! Nilitaka kumkumbatia meya.

Na nikupe cha kucheka, maana unastahili angalau hicho. Nilijitafuta kwenye picha. Fleurette kachorwa kila unywele, jiwe kila ufa, shimo kila bonge. Mimi ni tone la buluu kando ya mto, kubwa kama kiroboto. Mwalimu alidhani ni ua.

Basi pale kondeni nilisema yote. Vuillemin ndiye aliyeanza kujibu. Alichukizwa, lakini nadhani zaidi alichukizwa kwamba jiwe lililoshinda majembe ya babu zake liliburutwa na msichana na ng'ombe wa pembe moja. Alifoka kwamba ana mawe arobaini nyuma ya zizi lake, kama mchoraji alitaka jiwe si angeomba, angempa la bure na kumbebea! Mariette akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa aproni, ikawa vibaya zaidi. Baba yeye hakucheka wala hakufoka. Alikwenda akakaa juu ya lile jiwe, kwenye mibaruti, goti limenyooka, akakaa mpaka watu wote wakaondoka. Mimi nilibaki nimesimama. Nilimwambia anifukuze. Akasema amekwisha kufukuza mtoto mmoja kwa jiwe hili, na ameona faida yake.

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alipanda ngazi, na goti lile, akashusha kigae kimoja kutoka ukingo wa paa, vile vyekundu alivyopanga babu. Akamwita Vuillemin. Wakakiweka kwenye kizingiti wakakipiga nyundo mara moja, kikatoka vipande vitatu. Desturi ni viwili, unajua, kimoja kwa kila upande. Vuillemin akasema kimezidi. Baba akasema hakijazidi. Kimoja amechukua yeye, kimoja Vuillemin, na cha tatu ndicho hicho nilichokishona kwenye kitambaa ndani ya mfuko huu wa barua. Angalia kisikukate.

Jiwe limerudishwa kando ya shimo lake, kwa farasi wawili wa Vuillemin. Halijasimamishwa. Shimo liko wazi, tumelifunika mbao ndama asitumbukie. Wote wawili wamekubaliana kwamba halisimami mpaka vipande vitatu vilale chini yake pamoja, na kwamba kipande kile cha mibaruti utakifyeka wewe kwa mara ya kwanza, nyasi zake zigawanywe nusu kwa nusu. Wamepanga siku ya Mtakatifu Yohane, tarehe 24 mwezi huu. Usipofika siku hiyo watangoja, wamesema, hata nyasi zikianguka zenyewe.

Baba hajui kuandika, kwa hiyo amenisimamia hapa begani na kuniamuru niandike maneno yake kama yalivyo. Haya hapa: "Mwambie kwenye ule msumari wa kofia yake hakuna aliyetundika kitu." Ni kweli, Anthelme. Siku moja nilitundika shali yangu pale kwa kusahau, akaitoa bila kusema neno, akaiweka kitini.

Kama una hasira nami, na unayo haki, njoo nayo, nitaikalia mezani pamoja nawe tuile na uji. Kama hutaki kunisemesha mwaka mzima, njoo usinisemeshe. Ila kigae usikisahau. Mimi nimeshalitua, kaka. Limebaki kusimama tu.

Mjane Pernet anakusalimu na kusema kitanda cha mgahawani kwake ni bure ukichoka njiani. Mwalimu Robardet anakusalimu. Mzee Vuillemin anakusalimu, alirudi kutoka getini kusisitiza nisiache jina lake. Mariette hakusema nikusalimu, aliniuliza tu gari la Lyon linafika saa ngapi. Fleurette anakusalimu kwa pembe iliyobaki.

Nami nakubusu mikono yako iliyopasuka,

dada yako,
Séraphine